Mtumbwi wa Nyangi

Asubuhi, kijijini Kiriba, Ursula anaanika dagaa uani. Shemeji yake Masatu, fundi wa mitumbwi, anapiga randa. Binti wa Ursula, Nyangi, amekaa kimya. Ana miaka saba. Hajasema neno tangu mtumbwi wa baba yake ulipopinduka ziwani. Yeye aliokolewa, baba yake akafa maji.

"Alikuwaga kasuku huyu," Ursula alisema. "Sasa naogopa. Atabaki bubu?"

Masatu si mtu wa maneno. Ni mtu wa mbao. Alimchongea Nyangi mtumbwi mdogo, na watu wawili ndani, mkubwa na mdogo. Akawapigilia misumari ili wasianguke tena. Alijisifu moyoni.

Nyangi aliupokea. Mara akaanza kuwavuta wale watu. Alivuta kwa vidole, akavuta kwa meno. Ufizi ukatoka damu, na hakuacha.

"Lete hapa!" Ursula alipiga kelele. "Shemeji, umeniletea balaa! Nauchoma moto huu!"

Nyangi aliung'ang'ania mtumbwi. Jeska, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kelele akaingia uani mbio.

"Usimnyang'anye, mama Nyangi! Tumtazame kwanza."

"Anavunja tu," Masatu alisema kwa hasira.

"Havunji, kaka. Anataka kuwatoa. Wewe umewafungia ndani."

Masatu aliweka randa chini.

"Mtoto aliyeona jambo la kutisha hulisema kwa mchezo kabla ya mdomo," Jeska alieleza. "Mpeni kitu anachoweza kukibadilisha mwenyewe. Msimlazimishe kuongea. Kaeni karibu naye. Hali ikizidi, tutampeleka hospitali, wapo wataalamu."

"Na misumari?"

"Ng'oa yote. Piga msasa, mbao isimchome. Watu wawe wakubwa, asije akawameza."

Masatu alifanya kazi hadi jioni. Safari hii alitoboa matundu ya kuwachomeka watu, wakawa wanaingia na kutoka. Aliuweka mtumbwi chini, akakaa pembeni.

Nyangi alimtoa mtu mdogo. Akamlaza kwenye paja la mama yake. Kisha Nyangi alimtoa yule mkubwa, akamshika kwa mikono miwili.

"Huyu baba," alisema. Sauti ilikwaruza. "Alinisukuma juu. Akanisukuma tena. Halafu akachoka."

Akaangua kilio, cha kwanza tangu siku ile. Ursula alimvuta kifuani.

"Lia, mwanangu," alisema. "Hayo yote ulikuwa nayo peke yako."