Jina la Kalaba

Mwaka serikali ilipopiga marufuku majina ya Kikristo na kuamuru kila mtu aitwe citoyen, yaani raia, mwalimu Godefroid wa mtaa wa Bel-Air aliambiwa alete jina la mababu kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi basi. Wenzake walikwenda kuwauliza wazee wao. Yeye, msomi bwana, alifungua kitabu chake cha historia.

Wiki ile alikuwa akifundisha habari za Saint-Domingue, koloni la Wafaransa, ambako mwaka 1791 watumwa waliasi wakachoma mashamba ya miwa. Kitabu kilimtaja mtumwa mmoja kutoka Kongo, Kalaba, aliyepigwa chapa ya bwana wake kifuani kwa chuma cha moto: L na R. Ndiye aliyewasha moto wa kwanza. Alipokamatwa, naye akachomwa. Godefroid alilipenda jina hilo, akaenda kuliandikisha komini, ofisi ya serikali ya mtaa.

Shangazi yake Nkandu alipopata habari hakucheka.

"Jina iko na mwenyewe," alinong'ona. "Ule muntu, balimuzika wapi?"

"Habakumuzika, tantine. Balimuchoma."

"Basi angali anatafuta fasi ya kulala. Rudisha jina ya benyewe."

Godefroid aliyaona ni maneno ya uzee tu. Lakini Jumatatu asubuhi mkuu wa shule alipoita "Kalaba", mtu nyuma yake alimtangulia kujibu: "Présent." Aligeuka. Ukuta. Na harufu ya sukari iliyoungua.

Hofu ikamshika. Saa tano alikuwa komini, akiomba jina lake la zamani.

"Godefroid?" karani alishangaa. "Ile uliitupa, citoyen. Muntu moja alipita sasa hivi, akaichukua. Miguu mitupu. Alisema mulibadilishana."

Sakafuni palikuwa na nyayo za majivu. Zilielekea mlangoni.

Alikimbia hadi nyumbani. Jeanne, mkewe, ambaye ndani ya nyumba hakuacha kumwita kwa jina alilokuwa nalo walipofunga ndoa, alikuwa anatenga bukari, ugali wa huko, na samaki.

"Godefroid, kuya kula!"

"Niko nakuya," ikajibu sauti kutoka chumbani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mwalimu, aliyekuwa bado nje, akasukuma mlango. Jeanne akamtazama kwa adabu, kama mgeni.

"Bonjour, citoyen. Unatafuta nani?"

"Jeanne! Ni mimi."

"Mimi nani?"

Akafungua shati amwonyeshe kovu la ajali ya baiskeli kifuani, la kidonda ambacho Jeanne mwenyewe alikikanda kwa maji ya moto mwezi mzima.

Kovu halikuwepo. Palikuwa na L na R, na ngozi ilikuwa bado inafuka moshi.