Kadre Ndogo ya Mama Léonie

Kila asubuhi, kiisha kufagia kiwanja, Madeleine alimtoa mama mkwe wake nje, kwenye jua. Alimshika chini ya kwapa. Walitembea polepole, hatua moja, hatua nyingine, mpaka kwenye kiti kando ya mlango. Njia ilipita mbele ya nyumba. Watu wa mtaa wa Ngezi walipita hapo wakienda sokoni, shuleni na kazini.

Mama mkwe huyo aliitwa Léonie. Maisha yake yote aliishi Bogoro. Alilima maharage, akakamua ng'ombe. Kisha siku moja ugonjwa ulimwangusha shambani. Upande wa kuume wa mwili ulilegea. Maneno pia yalipotea. Alisikia yote na kuelewa yote, lakini mdomo haukumtii tena.

Mwanawe Dominique, fundi wa kujenga nyumba, alimleta kwake Bunia. Hapo alikuwa karibu na kituo cha afya. Mara mbili kwa juma muuguzi alimfundisha kukunja mkono na kunyoosha mguu.

Mguu ulianza kupata nguvu. Lakini Mama Léonie hakuwa na furaha. Kila alipokalishwa kwenye kiti, aliinua mkono wa kushoto. Alionyesha mlango wa nyumba. Halafu alisema neno lake moja tu.

"Ta. Ta. Ta."

"Mama, unataka nini?" Madeleine aliuliza. "Maji? Unasikia baridi?"

"Ta!"

Machozi yalimtoka. Uji ulipoletwa, aliusukuma.

Siku ya alhamisi Dominique alirudi kutoka kazini, akakuta sahani ya mama yake imejaa.

"Amekatala tena?" aliuliza.

"Amekatala," Madeleine alijibu. "Ni siku ya tatu."

Dominique alikaa chini. Alivua viatu vyenye simenti.

"Mi naelewa sasa," alisema. "Iko nasema 'tata', maana yake baba. Anamulilia baba yetu. Kaburi iko Bogoro, nyumba yake iko Bogoro. Siku ya yenga, kiisha misa, nitamurudisha kule."

"Na mazoezi ya mukono? Kule ni nani atamufanyisha?"

"Mutu hawezi kupona fasi hapendi."

Madeleine alichukua ile sahani iliyojaa. Maneno hayo yalimuuma. Yeye alikuwa mtoto wa Butembo, na lugha ya mama mkwe wake hakuijua vizuri. Alijiuliza: je, Mama hapendi nyumba yangu? Hapendi chakula changu? Au kuna kitu kingine? Hilo la mwisho lilimkaa kichwani. Kuna kitu gani?

Asubuhi yake alijaribu na telefone. Alipiga foto ya kikombe cha maji, akampa Mama aangalie. Lakini vidole vya Mama vilitetemeka. Foto ziliruka. Mara zikawa kubwa, mara zikapotea. Mwishowe telefone ilimpigia mtu wa Beni ambaye Madeleine hakuwa ameongea naye tangu Noeli.

Alipokuwa akicheka na kuomba samahani kwa mtu huyo, Madeleine alikumbuka kitu. Sandrine, dada ya Dominique anayeishi Kampala, aliwahi kuwaachia kidude kidogo cha kuonyesha picha. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, na kilining'inia kwenye kamba ya ufunguo. Kilikuwa na kioo kidogo cha mraba na butoni tatu tu. Hakuna aliyekitumia. Kilipowashwa kilionyesha maua na mbwa wa watu wasiojulikana.

Madeleine alikitafuta sandukuni. Alikikuta pamoja na kamba yake fupi ya umeme. Akamwachia jirani mmoja Mama Léonie kwa muda, akaenda kwa Orly.

Orly alikuwa na studio ya foto kwenye avenue hiyohiyo, njia iliyopita mbele ya nyumba yao. Alipiga picha za pasipoti na za harusi. Kwenye meza yake kulikuwa na ordinateur, yaani kompyuta, na juu ya bati kulikuwa na plaki ya jua ya kutoa umeme.

"Dada Madeleine, karibu! Umeleta nini?"

"Sijue kama ni kintu ya maana. Angalia."

Orly alikigeuza mkononi. Uso wake ulichangamka.

"Eh! Ni kadre ya foto! Ni ya zamani kidogo, lakini nilishaona moja kama hii. Unataka kuweka nini ndani?"

Madeleine alimweleza kila kitu: mkono uliolegea, neno moja, telefone iliyoruka. Orly alisikiliza bila kumkatiza.

"Basi hii iko muzuri kupita telefone," alisema. "Haiite mutu. Haiombe namba ya siri. Butoni moja inapeleka foto mbele, ingine inarudisha nyuma. Kidole kimoja cha mukono ya kushoto kinatosha."

Aliunganisha kamba kwenye ordinateur. Kioo kidogo kiliwaka.

"Mbona haifanye kitu?" Madeleine aliuliza.

"Ngoja. Sasa inakula umeme tu. Angalia pa kioo: inauliza kama tunataka iongee na mashine. Lazima tujibu ndiyo."

Orly alibonyeza. Hapo alama mpya ilitokea kwenye ordinateur.

"Ona. Programu yake iko ndani ya kadre yenyewe. Hatuna haja ya kuitafuta fasi ingine na kuokota virusi. Minaifungua."

Dirisha likafunguka. Upande mmoja zilionekana picha za ordinateur. Upande wa pili zilionekana picha za kadre: yale maua na yule mbwa.

"Nilifikiri unavuta foto na kuiweka tu, sawa pa flash," Madeleine alisema.

"Hapana. Kadre hii haikubali vile. Kioo yake ni kidogo, foto za telefone ni kubwa sana. Programu njo inazipunguza. Tunachagua foto huku, tunaiingiza huku. Kiisha tunabonyeza hapa, kwa kutuma. Usipobonyeza kutuma, hakuna kitu kinaingia."

Walifuta maua na mbwa. Kutoka kwenye telefone ya Madeleine walichukua picha kumi: maji, uji, samaki, choo, kitanda, dawa, Biblia, blanketi, Dominique, na Madeleine mwenyewe. Orly alibonyeza kutuma. Mstari wa bluu ulianza kutembea.

Madeleine aliona picha ya maji kwenye kioo kidogo. Kwa furaha akavuta kamba.

"Ayi! Bado!" Orly alisema.

Walipoangalia, picha nne zilikuwa nzima. Zilizobaki zilikuwa za kijivu, hazina kitu.

"Nimeiua?"

"Haikufa. Tunaanza tena. Foto zako zote ziko kwa telefone, na mi niliweka nakala kwa mashine. Njo sababu hatufute za kwanza. Zile za ndani ya kadre ni ndogo, na zinaweza kupotea siku yoyote."

Safari hii Madeleine alikunja mikono mpaka mstari ukafika mwisho. Orly alitenga kadre na mashine kwa utaratibu, ndipo akavuta kamba. Kisha aliingia kwenye mipangilio. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, akamtafsiria Madeleine.

"Hapa ilikuwa inabadilisha foto yenyewe kila sekunde tano. Mama hataweza kuifuata. Minaweka kwamba yeye mwenyewe abadilishe. Na hii butoni ya kati, njo inafungua mipangilio na kufuta foto. Tuifunike."

Alikata kipande cha plasta, akakibandika juu ya butoni hiyo.

Nyumbani, Madeleine alikaa chini karibu na kiti cha Mama Léonie. Alimwonyesha mara moja tu. Mama aliangalia kwa makini. Aliweka kidole gumba cha kushoto kwenye butoni, akabonyeza. Picha ikabadilika. Alishtuka. Akabonyeza tena.

Alisimama kwenye picha ya maji. Akamwangalia Madeleine.

"Maji? Mama, unataka maji?"

Kichwa kiliinama: ndiyo. Madeleine alikimbia. Mama alikunywa kikombe kizima.

Kisha alitafuta uji, akatikisa kichwa: hapana. Alitafuta samaki, akainamisha kichwa mara mbili. Jioni hiyo alikula samaki na bugali kidogo. Dominique alibaki mlangoni na kofia mkononi, akiangalia.

Lakini baada ya kula, Mama alirudi kwenye kadre. Alibonyeza mbele, akabonyeza nyuma. Alipita picha zote kumi, akaanza tena. Alikuwa anatafuta kitu. Hakukipata.

"Ta," alisema.

"Iko natafuta foto ya Tata," Dominique alisema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia."

"Basi tumuwekee," Madeleine alijibu. "Tuone."

Jumamosi asubuhi alirudi kwa Orly na telefone ya Dominique. Waliongeza picha kumi na nne: nyumba ya Bogoro, ng'ombe, kanisa la kule, kaburi la baba, majirani, na picha ya zamani ya harusi ya Sandrine. Watu watatu walisubiri picha zao za pasipoti, kwa hiyo kazi ilifanyika mbio.

Mchana familia ilikaa pamoja. Mama Léonie alibonyeza. Ng'ombe walipita, akatabasamu. Kaburi lilifika. Aliliangalia kwa muda mrefu na kuligusa kwa kidole. Dominique alisogea karibu.

Halafu Mama alibonyeza, akaenda mbele.

"Si ni Tata unataka?" Dominique aliuliza. "Si unataka kurudi Bogoro?"

Mama alimwangalia mwanawe kwa upole. Alitikisa kichwa: hapana.

Picha ya harusi ya Sandrine ilitokea. Mama alisimama hapo. Alileta kioo karibu na macho. Akaanza kugonga kwa ukucha. Hakugonga uso wa mtu yeyote. Aligonga ukingo wa juu.

"Ta. Ta!"

"Sandrine?" Dominique aliuliza. "Unataka Sandrine akuje?"

Hapana. Mama aligonga tena ukingo wa juu, mahali ambapo picha iliishia.

Madeleine aliinama. Katika picha hiyo Mama Léonie alisimama katikati, kwenye gauni la bluu. Uso wake ulionekana vizuri. Lakini juu ya paji la uso, picha ilikuwa imekatwa.

"Ngoja," Madeleine alisema. "Kioo hii ni mraba. Foto ilikuwa ndefu. Programu imekata fasi ya juu. Dominique, nipe telefone yako! Ile foto nzima iko ndani."

Alitafuta picha kamili. Ilikuwapo. Alionyesha kila mtu.

Kwenye kichwa cha Mama Léonie kulikuwa na kitambaa cha bluu. Kilikuwa kimefungwa juu, kwa mafundo mazuri, kama taji.

"Ki-ta-mbaa," Madeleine alisema polepole.

"Ta!" Mama Léonie alilia. Mkono wake wa kushoto uliacha kadre, ukagusa nywele zake zilizo wazi. "Ta! Ta!"

Madeleine aliweka mkono mdomoni. Siku ya kwanza Mama alipofika kutoka Bogoro, alimwosha nywele. Alikunja kitambaa, akakiweka ndani ya sanduku, ili kichwa kipate hewa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, alimkalisha Mama kando ya njia kichwa wazi. Wapita njia walimsalimu. Walimu, wamama wa kanisa, vijana. Mama huyu, ambaye miaka arobaini hakutoka nje bila kitambaa.

"Mama, unisamehe," alisema. "Sikujua."

Alikimbia ndani. Alirudi na kitambaa. Alimfunga Mama kichwa, akafungua, akafunga tena mpaka mafundo yakakaa kama kwenye picha. Mama alijigusa kulia, akajigusa kushoto. Halafu alishika mkono wa mkazamwana wake, akauweka shavuni.

Dominique alitoka nje. Walimsikia akiongea kwenye telefone na mtu mwenye gari.

"Hapana, kesho hatuende tena," alisema. "Mama anabaki."

Siku ya jumatatu Madeleine alimpelekea Orly habari. Orly alishika kichwa.

"Ni kosa yangu! Nilifanya mbio. Angalia, kuna kadirisha hapa. Mbele ya kutuma, unakasogeza weye mwenyewe, unachagua fasi gani itabaki. Nisipokasogeza, programu inakata inavyotaka."

"Kama haikukata, tungepita tu," Madeleine alisema.

"Pengine. Lakini tuitengeneze. Kuja, fanya weye."

Madeleine alishika panya ya mashine kwa mara ya kwanza. Alisogeza kadirisha juu mpaka kitambaa chote kikaonekana. Akabonyeza kutuma. Mikono yake ilibaki mbali na kamba mpaka mwisho.

Wiki zilipita. Mama Léonie alikula vizuri. Kwa mazoezi alikwenda akitembea kwa fimbo, kadre ikining'inia shingoni. Muuguzi aliitumia kumuuliza anaumwa wapi, baada ya Madeleine kuongeza picha za goti, bega na kichwa. Aliziongeza peke yake. Orly alikaa pembeni akinywa chai.

Asubuhi moja Dominique alikaa mezani akisubiri chakula. Madeleine alikuwa na homa tangu jana, amelala chumbani. Mama Léonie alimgusa mwanawe mkono. Alimwonyesha kadre. Kwenye kioo kulikuwa na uso wa Dominique.

"Ni mimi, Mama," alisema.

Mama alibonyeza, akabonyeza, akasimama kwenye picha ya uji.

"Unataka uji? Ngoja Madeleine aamuke."

Mama alitikisa kichwa kwa nguvu. Alirudi nyuma, picha kwa picha, mpaka kwenye uso wa Dominique. Akamnyoshea kidole. Akaenda mbele mpaka kwenye uji. Halafu akaendelea mpaka kwenye uso wa Madeleine, akaweka kadre mezani, akasubiri.

Dominique aliziangalia picha hizo tatu kichwani mwake, moja baada ya nyingine. Aliinuka taratibu.

"Madeleine!" aliita kuelekea chumbani, akicheka. "Sufuria ya uji iko wapi? Mama amesema mi njo nikupikie!"