Samaki Mwekundu wa Mtaa wa Ngozi

Uvumi wenyewe Afra aliusikia kisimani, majira ya baridi yalipoanza, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani: kwamba Februari ya mwaka 1524 sayari zote zitakutana katika nyota ya Samaki, na maji yatapanda yafunike mji wa Ulm mpaka mnarani mwa kanisa kuu. Aliufukuza kwa kazi, ukarudi. Aliufukuza kwa sala, ukarudi. Akilala anasikia matone. Na msimcheke, maana bintiye Ottilia alikuwa na mimba kubwa, na nyumba yao iko Mtaa wa Ngozi, ukitema mate dirishani yanaangukia mtoni.

Watu wa mtaa waliogopa wote. Alipokuja mhubiri akasema mafuriko ni adhabu ya karata na ulevi, walitoa karata zao wakazichoma moto uwanjani, wakubwa kwa wadogo. Bia hawakuimwaga.

Mwaka mpya ukaja na kalenda mpya. Veit, mumewe Ottilia, alifanya kazi kwa mchapaji, na kila mwaka ndiye aliyeleta kalenda za mtaani kwetu na kuziuza mlango kwa mlango. Karatasi moja kubwa ya kubandika ukutani karibu na jiko: siku kwa wino mweusi, majina ya watakatifu kwa wino mwekundu, siku njema za kuumika damu, siku za kupanda kabichi. Lakini mwaka huu, kwenye Februari, pembeni ya tarehe sita, siku ya Mtakatifu Dorothea, palikuwa na samaki mwekundu ukubwa wa kidole gumba. Hakuna maneno. Maneno tulijitilia wenyewe.

Basi Jumamosi ya tarehe sita Februari, alasiri, mtaa mzima ulipanda Kilima cha Mikaeli nje ya ukuta wa mji, na watoto, na mbuzi, na mablanketi. Tukalala kwenye vibanda vya wakulima wa mizabibu. Halikudondoka tone.

Jumapili saa moja asubuhi malango yalipofunguliwa tulishuka tukichekana. Afra alikuwa mbele, amemshika Ottilia mkono. Alipofika mlangoni kwake akasimama. Kufuli ilikuwa chini, imebanduliwa na patasi.

Ndani, ndoano za juu ya moshi zilikuwa tupu, mapaja ya nguruwe yote yameondoka. Sahani za bati hazipo. Kijiko cha fedha cha ubatizo, ambacho mjukuu angelishwa nacho, hakipo. Kabla hajafungua kinywa alisikia jirani wa kulia akilia, kisha wa kushoto. Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo.

Mkuu wa doria, Bwana Lutz, mtu mnene mwenye subira, alipita nyumba hadi nyumba mpaka saa nne. Kisha akasimama jikoni kwa Afra, akaitazama kalenda ukutani.

"Mama Afra, huyu samaki ni nani?"

"Si wa mafuriko, Bwana? Hata kwenu si yupo?"

"Kwangu hayupo."

Afra akadhani anatania. Wakatoka pamoja wakapanda hadi kwa Daktari Gereon, mnajimu aliyeitunga kalenda hiyo. Daktari aliwafungulia na kofia ya kulalia kichwani, na ukutani kwake Dorothea alikuwa peke yake, bila samaki.

"Mimi niliandika nini?" Daktari akafoka. "Niliandika Februari itakuwa na unyevu mwingi. Unyevu! Februari, hapa Ulm! Hilo si hata mbuzi wenu wanalijua? Siku sikuitaja. Mimi siku sitaji, Bwana Lutz, mimi si mwendawazimu."

"Na nani angefaidi kuitaja?"

"Aliyejua nyumba gani zitakuwa tupu," akasema Daktari, akafunga mlango.

Saa sita walinzi wawili walikuja kumchukua Veit.

Mambo yalivyokaa, hata wewe ungemkamata. Samaki yupo Mtaa wa Ngozi tu, na kalenda za Mtaa wa Ngozi zilipita mikononi mwa Veit. Zaidi ya hapo, Jumamosi jioni Veit alikuwa ameshuka kutoka kilimani kwenda kumletea mkewe mto wa kulalia, lango likafungwa akiwa ndani ya mji. Usiku kucha alikuwa huku, sisi tuko kule. Baraza la mji lingekaa Jumatano ya Majivu. Likimwona ana hatia, anafukuzwa mjini, na mke humfuata mumewe. Ottilia angejifungulia njiani, kwenye theluji.

Jumatatu saa mbili Afra alikwenda mnarani, kwenye gereza la mji, na kikapu cha dengu, akakataa kutoka. Bwana Lutz akamwacha akae.

"Ulilala wapi Jumamosi?" akamwuliza Veit.

"Kwenye ghala la mchapaji, juu ya marobota ya karatasi. Peke yangu."

"Vizuri sana. Na samaki?"

"Bwana, mimi nimemwona siku moja na ninyi. Nilifikiri bosi ameongeza."

"Bosi wako ameapa hajaongeza. Zile kalenda ulizichukua lini?"

"Mkesha wa mwaka mpya, jioni. Nikapita hamamuni kwa Hamman kuoga, nikaziacha chumba cha nguo. Nikatoka, theluji ikawa kubwa, nikaogopa zitalowa, nikazilaza kwa Jos mtengeneza karata, pale mwanzo wa mtaa. Asubuhi nikazichukua, nikaanza kuuza."

"Mama mkwe," akaongeza kwa sauti ndogo, "Otti anakula?"

"Anakula. Anakula kuliko wewe. Maliza dengu."

Hamman wa hamamu aliitwa. Naye hakupanda kilimani, na kazi yake ni kuumika watu damu, kwa hiyo wengi mtaani walikuwa wameshamhukumu tayari: rangi nyekundu anayo, tena ya bure.

"Kwa nini hukukimbia mafuriko?" Bwana Lutz akamwuliza.

"Mimi naishi ndani ya maji, Bwana. Nikimbilie wapi?"

"Usinichezee. Ulikuwa wapi Jumamosi usiku?"

Hamman akamtazama, akawatazama walinzi, akakuna shingo. "Nijibu mbele ya huyu mama?"

"Jibu!"

"Nilikuwa nakusugua mgongo, Bwana. Wewe na walinzi wako. Mpaka kengele ya alfajiri."

Walinzi wakatazama dari. Bwana Lutz akakohoa. "Basi huyo aende."

"Na damu haikai nyekundu hivyo," Afra akasema. "Ikikauka inakuwa kahawia. Mwanamke yeyote anajua. Huyu samaki wetu bado ni kama cheri."

Jioni hiyo alirudi nyumbani akasafisha, maana mtu mwenye hofu husafisha. Walinzi walikuwa wamepaka masizi ukutani. Akapitisha kitambaa kibichi pembeni ya kalenda, na alipokikunja akaona wekundu. Akatazama vizuri. Majina ya watakatifu yalikuwa palepale, hayajatikisika. Samaki alikuwa amefutika mkia.

Alikwenda kwa majirani watatu na kitambaa chake. Kote ikawa hivyo: wino wa mtambo una mafuta, haulowi; samaki ni rangi ya maji, anatoka. Na akaona kingine. Samaki wa kila nyumba alikuwa na pengo dogo tumboni, kama ameng'atwa, mahali palepale. Mkono wa mtu haukosei namna moja mara zote hizo.

Jumanne saa tatu akamweleza Bwana Lutz. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuchapwa kwenye mtambo. Sawa. Lakini Veit angeweza kununua rangi ya maji, Mama Afra. Niletee kitu cha kuwaonyesha wazee wa baraza."

Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, kila jiko linakaanga maandazi, na Afra hakuwa na mafuta wala moyo. Alishuka uani kumtafuta mumewe, Endres, amwambie habari mbaya. Akamkuta nyuma ya pipa la magome ya mwaloni ya kutengenezea ngozi, amechuchumaa, anacheza karata peke yake.

"Endres!"

Mzee aliruka, karata zikamwagika. "Nilisahau kuzichoma," akasema.

"Ulisahau! Ulisimama kwenye moto ule ukaimba kuliko wote!"

"Nilichoma za kaka yako."

"Mkweo yuko mnarani, mwanao ana mimba, wewe unacheza!"

"Nacheza nisilie, mke wangu."

Afra akainama kuzizoa azitupe motoni. Ya juu ilikuwa yenye alama ya jani, lile jani la kijani lenye kikonyo. Lilikuwa na pengo dogo ubavuni. Akachukua jani lingine: pengo. Jingine tena. Akailaza karata ubavu. Kikonyo kikawa mkia.

Alimbusu Endres kichwani, jambo ambalo mzee analizungumza mpaka leo.

Saa nane mchana Afra na Bwana Lutz waliingia kwa Jos. Jos ni mtu wa maneno matamu, kila mtoto wa mtaa anamwita mjomba. Karatasi zilizopakwa rangi zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kama nguo.

"Karibuni, karibuni! Mama Afra, kula andazi. Habari za yule kijana? Inauma, kweli inauma."

"Jos," akasema Bwana Lutz, "mkesha wa mwaka mpya Veit aliacha mzigo kwako?"

"Aliacha. Na Hamman pia aliachiwa, muulizeni."

"Tumemwuliza. Karata zako unapakaje rangi?"

"Ah, kazi ya kitoto. Unakata tundu kwenye karatasi ngumu iliyopakwa mafuta, unailaza juu, unapitisha brashi. Moyo unatoka moyo, jani linatoka jani."

"Tundu likiwa na kasoro?"

"Karata zote zinatoka na kasoro hiyo." Jos akacheka, kisha kicheko kikapungua.

Afra akaweka mezani karata ya Endres, ubavu. Pembeni yake akaweka kalenda ya jirani, iliyo na samaki mzima. Umbo lile lile. Pengo lile lile.

"Wengi wana karata zangu," akasema Jos. "Mtu anaweza kuiga."

"Hakuna mwenye karata zako. Zilichomwa," akasema Afra. "Imebaki hii, na mwenye hii hawezi hata kuchora fimbo."

Bwana Lutz alikuwa amesimama ukutani, kwenye misumari zilikotundikwa zile karatasi ngumu zenye matundu. Akaitoa ya jani, akaisogeza dirishani. Kingo zake zilikuwa na ukoko wa kijani wa miaka. Lakini ndani ya pengo, na kwenye kikonyo, juu ya kijani, palikuwa na rangi nyingine.

"Jos," akauliza taratibu, "ni lini wewe uliwahi kupaka jani rangi nyekundu?"

Jos akakaa. Alifuta mikono kwenye aproni muda mrefu.

"Mlichoma kazi yangu," akamwambia Afra. "Uwanjani pale, mnaimba, na mimi nipo. Hakuna aliyenitazama usoni. Tangu siku hiyo sijauza karata hata moja, na sasa, kabla ya Kwaresima, ndiyo siku zangu za kuuza. Kwa sababu ya uvumi wa nyota! Nikasema, kama uvumi unawatisha hivyo, ngoja niwaongezee. Nilitaka mpande kilimani mgande, mrudi mcheke wenyewe. Naapa."

"Na kufuli?"

"Nilibaki nyumbani, dirishani, nikawaona mnapita. Wote, mpaka mbuzi. Mtaa ukawa kimya. Nikafikiri, watalipa kidogo."

"Na Veit?" Afra akauliza. "Ulimwona anafungwa. Jana umempa Ottilia pole, umemshika mkono."

"Veit sikumfikiria."

"Ndiyo. Hukumfikiria."

Vitu vyote vilikuwa darini, chini ya marobota ya karatasi, vikingoja barafu ya mtoni iyeyuke vipelekwe kwa mashua. Kijiko cha ubatizo kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa safi, peke yake. Afra alikiona hivyo akalia, na hata yeye hakujua analilia nini.

Veit alirudi nyumbani jioni ile ile, akakuta maandazi ya mafuta ya kuazima. Baraza lilimfukuza Jos mjini kwa mwaka mmoja, bila viboko, kwa sababu wanawake wa mtaa walikwenda kumwombea, Afra akiwa wa kwanza. Ottilia alijifungua salama katikati ya Kwaresima, mtoto wa kike mwenye sauti ya mlinzi wa lango. Na kusema kweli mtaa wetu una raha sasa. Lakini kwa nyinyi wenye watoto, nayaandika haya myashike:

Usibandike kalenda kabla hujailinganisha na ya mtaa mwingine.

Alama isiyo na maneno usiipe maneno yako.

Usimwamini anayejua siku. Mwezi, sawa, siku, hapana.

Mtaa mzima usitoke pamoja. Abaki hata mmoja mwenye usingizi mwepesi.

Usichome kazi ya jirani kwa sababu wewe unaogopa.

Ukishachoma, usipite mlangoni kwake kama hujafanya kitu.

Usimhukumu mtu kwa sababu tu alikuwa karibu.

Usiwaache watoto wacheze ukingoni mwa mto bila mtu mzima, hata mwaka ambao kalenda haisemi kitu.