Viduara vya Stoo

Rafiki yangu hupokea simu za wateja, anatukanwa kutwa nzima. Badala ya kuongeza wafanyakazi, bosi wake akamsukumia karatasi na kalamu. "Nenda stoo ukachore maua maua, hasira zitaisha." Maua! Ningekuwa mimi, ningemtupia usoni.

Akaenda, akachora viduara vilivyoshikana. Umeme ukakatika. Stoo ile haina dirisha. Akaacha kuchora, akaikamata kalamu kwenye ngumi, lakini mkwaruzo wa wino juu ya karatasi ukaendelea, kwaru, kwaru, bila haraka.

"Nani wewe? Usinichezee leo!"

Kwaru.

Taa zilipowaka, viduara vilikuwa vimevuka karatasi, vikapita juu ya meza na kuingia ndani ya mkono wa shati lake. Akafungua kifungo. Vilikuwa vimepanda hadi kwenye kiwiko, na wino ulikuwa haujakauka.