Isale Kifuani mwa Afisa Mipango

Maiti ya Gadiel Sumari ililala chali kwenye migomba ya nyumbani kwao, pale Kimandolu, imelowa umande. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na nondo ya mpaka iliyopakwa rangi nyekundu, damu imeigandia. Na kifuani, jamani, jani bichi la isale lililofungwa fundo.

Inspekta Namnyaki alichuchumaa. Marehemu alikuwa afisa mipango miji, mchoraji wa ile ramani ya kugeuza mashamba haya kuwa viwanja vya msongamano mkubwa, ghorofa kwa ghorofa, na barabara ya mita kumi na tano katikati. Nani hakumnunia?

"Afande, mtuhumiwa tunaye," alisema Koplo Elirehema. "Lengai, jirani yao. Juzi kwenye mkutano wa kata alimwambia mbele ya watu, 'Ukipitisha barabara kwangu, nitakuzika.' Asubuhi hii nimemtia mahabusu."

"Na hili jani?"

"Ni la kuombea msamaha. Sisi Wameru ukimkosea mtu sana, unampelekea isale. Akilipokea, yamekwisha."

Namnyaki, Mwarusha wa Olmotonyi, alitikisa kichwa. "Lengai ni wa kwetu, na sisi tukiomba radhi tunashika nyasi. Haya, kitendawili!"

"Tega, afande."

"Nimekuua, na bado nataka unisamehe."

Koplo alikuna kidevu. "Ndugu yako?"

"Umepata. Twende tukalitafute shina."

Hawakwenda mbali. Hatua ishirini juu palikuwa na kaburi la mama yake Gadiel, limezungushiwa masale. Shina moja lilikuwa limekatwa, bado linatoa maji. Miguuni pa kaburi kulikuwa na tundu jipya, upana wa nondo.

"Kwetu, isale la kaburini hakati mtu wa nje," Koplo alinong'ona. "Ni watoto wa marehemu tu."

"Wako wangapi?"

"Wawili. Mmoja ndiye yule pale chini."

Wa pili, Vaileth, walimkuta jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni, chai ipo."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwaya, kanisani."

"Mimi naimba besi kwaya hiyohiyo, mama," Koplo alisema. "Jana hukuonekana."

Kisu kilisimama.

"Na hiyo rangi kwenye kucha?" Namnyaki aliuliza.

"Utomvu wa ndizi."

"Utomvu wa ndizi ni mweusi, mama. Hiyo ni nyekundu."

Vaileth aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mama alipokufa, Gadi alikuwa na miaka minne. Niliacha shule nimbebe mgongoni. Jana nikamkuta anapigilia chuma miguuni pa mama! Nikamwambia, mwenye kalamu ni wewe, ipindishe kidogo tu hiyo barabara. Unajua alinijibu nini? 'Dada, nikiipindisha inaingia sebuleni kwa Lengai. Yeye nyumba yake inakatwa ukuta mmoja, sasa niibomoe yote ili kaburi letu lipone?' Akashuka na kamba yake, anaendelea kupima. Mimi nikaking'oa kile chuma nikamfuata."

"Halafu ukamkatia isale."

"Nilimwomba anipokelee. Hakuwa na mikono ya kupokea."

"Na Lengai abebe kosa lako?"

"Niliogopa."

Koplo alimfunga pingu huku akiangalia pembeni. Nje, mbele ya migomba, Vaileth alisimama ghafla.

"Lakini kaburi la mama limepona, eti? Mwenye ramani si hayupo tena?"

Namnyaki alitamani kumdanganya.

"Hapana, mama. Baraza la madiwani lilishaipitisha Jumatatu. Wiki ijayo wataleta mpimaji mwingine."

Vaileth aliketi palepale kwenye majani makavu ya migomba, pingu mapajani, akaanza kuita, "Gadi! Gadi wee!" kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula.