Taa ya Barazani

Lorraine, ninayefanya naye kazi hapa maktabani Vermont, Marekani, si mtu wa kutishika. Ndiyo maana jambo hili bado linanikosesha raha.

Mapema Oktoba alikwenda kukagua nyumba ya zamani msituni, aikodi yeye na dada yake Peg kwa sikukuu ya Halloween, usiku ambao watoto hupita wakibisha hodi na kuomba pipi kwenye nyumba zilizowasha taa ya barazani. Mwenye nyumba alimpa funguo, akamwonya jambo moja tu.

"Taa ya barazani usiiwashe."

"Kwani imeharibika?"

"Wewe usiiwashe tu, bibie."

Alikagua vitanda, jiko, hata ngazi za kushukia chumba cha chini ya ardhi. Alizihesabu kwa sababu ya magoti ya Peg: zilikuwa tisa. Giza lilipoanza kuingia, alimpigia Peg simu, akamsimulia onyo lile.

"Watoto watajuaje kwamba tunagawa pipi?" Peg alimcheka. "Hebu iwashe, mwoga wee!"

"Watoto gani huku porini?" alisema Lorraine. Lakini aliiwasha.

Mara mlango ukagongwa, chini, usawa wa mkono wa mtoto. Alifungua. Majani makavu yalikuwa yamejaa barazani, na hakuna hata moja lililokuwa limekanyagwa. Kisha akasikia tena kugonga, safari hii nyuma yake, kwenye mlango wa chumba cha chini.

Alizima taa. Kugonga kukakoma palepale, kama watoto wetu wanavyoondoka wakiona taa imezimwa. Akasikia hatua ndogondogo zikishuka ngazi gizani, bila haraka. Nane. Tisa. Kumi. Alipofika thelathini aliacha kuhesabu. Zilikuwa bado zinashuka.