Kokoto Zilizooshwa

Kila alasiri, akishavua sare za shule, binti ambaye jamaa zake walimwita Kwanini kwa wingi wa maswali yake alichuchumaa uani kuutazama mtaro wa mjomba wake, fundi bomba. Maji ya jikoni na bafuni, ambayo zamani yalituama ukutani kwa jirani mshonaji, sasa yaliingia upande wa juu wa mtaro yakiwa machafu, yakapenya taratibu katika kokoto na mizizi ya matete, yakatokea upande wa chini maangavu, yakanywesha migomba. Nani aliyeyasafisha humo njiani? Swali hilo lilimkosesha raha.

Siku moja ya mapumziko alitia mkono upande wa juu akatoa kokoto. Ziliteleza kama samaki. Kumbe uchafu wote umeganda hapa, akajisemea, na akaazimia kumfurahisha mjomba kwa kazi ya siri. Akazisugua kwa brashi na dawa ya madoa hadi zikang'aa, akazirudisha, na dawa iliyobaki akaimimina mumo humo.

Haukupita muda, mtaro ukaanza kunuka. Mshonaji akaja, kiganja puani. Akasema kwa upole kwamba wateja wake sasa hupimwa huku wamebana pumzi, hata nguo zinatoka zikiwabana; na kwamba harufu isipokoma juma hilo, mtaro ufukiwe, kama walivyoahidiana na mjomba siku ulipochimbwa.

Mjomba akayashuku matete. Akachukua jembe ayang'oe, apande mengine. Kwanini akalisogelea jembe. Angenyamaza, nani angejua? Lakini matete hayakuwa na kosa, wala hayakuwa na mdomo wa kujitetea.

"Mjomba, usiyang'oe," akasema. "Kokoto niliziosha mimi. Kwa dawa ya madoa."

Jembe likashuka polepole. "Ukaondoa na utelezi wake?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Basi, mpwa wangu, umewafukuza mafundi wangu kazini."

Akamweleza kuwa utelezi ule ni makao ya viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao Mola amewajaalia riziki yao iwe katika uchafu wa maji. Hao ndio wasafishaji, dawa iliwaua. Mjomba na mpwa wakachota kokoto zenye utelezi kutoka upande wa chini, wakazichanganya na zile za juu, na maji ya jikoni wakayapunguza kwa muda. Siku zikapita, harufu ikafifia, hata asubuhi moja mshonaji akaja kunusa, akakosa cha kulalamikia, akauliza kama na yeye angechimbiwa mtaro wake.

"Ungalinyamaza," mjomba akamwambia Kwanini, "ningaling'oa matete yaliyo hai, na kasoro ingalibaki palepale. Ukweli wako ndio ulioniongoza. Ila siku nyingine, kabla ya kukisafisha kitu, uliza kwanza kina kazi gani. Wewe wa maswali yote, hilo moja lilikupitaje?"

Kwanini akainama, akaigusa kokoto kwa ncha ya kidole, kwa adabu, kama anayebisha hodi.

"Mjomba," akauliza, "na hawa hulala saa ngapi?"